Mita saba za hewa

Niliteuliwa kuwa mweka hazina nikiwa nje napokea simu. Niliporudi kikaoni wazazi walikuwa wanapiga makofi, nami nikapiga, nikidhani kuna mtu nyuma yangu. Katibu akanisukumia daftari jipya la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi. "Wewe mama ni mshonaji," mwenyekiti akasema, "mkono wako umezoea vipimo." Ndipo nikaelewa makofi yalikuwa ya nani.

Miaka mitatu imepita. Daftari lile limejaa, la pili limefika katikati, na ukumbi wa mazoezi wa timu ya mpira wa wavu ya shule umesimama una kuta, una paa, una taa, ila hauna sakafu. Nimeandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu wa shule nyingine ananitafuta aniulize, "Mlianzaje?" Nimechoka kurudia kwa simu.

Tulianza vibaya, hilo ndilo jibu fupi.

Kabla ya kufika kwenye vibaya, nieleze kwa nini tulitaka ukumbi. Timu ilifanya mazoezi uwanja wa nje. Muhula mmoja nilimwomba kocha daftari la mahudhurio nikahesabu mwenyewe: mazoezi 52 yalipangwa, 19 yalikatishwa na mvua, 6 na upepo. Asiyecheza wavu hudhani upepo ni jambo dogo. Mpira ule ni mwepesi, haufiki hata gramu 300. Binti anaurusha juu auanzishe, upepo unausogeza nusu hatua, mkono unakutana nao pembeni, unaishia wavuni. Fanya hivyo mwezi mzima na mtoto anajifunza kuanzisha vibaya kwa ufasaha.

Mvua ikinyesha walihamia bwaloni. Meza zinasukumwa ukutani, kamba inafungwa kati ya nguzo mbili, mazoezi yanaendelea. Dari ya bwalo ina kama mita nne. Mpokeaji akiupokea mpira vizuri, kwa ile pasi ya juu inayompa seta, yule anayewapandishia wenzake mpira wa kupiga, muda wa kufika chini yake, mpira unagonga dari. Kwa sheria mpira uliogonga dari umetoka. Basi wasichana walijifunza kuupokea mpira kwa woga, chini chini, kama mtu anayepita mlango mfupi. Walipokwenda kwenye mashindano, pasi zao zote zilikuwa fupi, na seta wao, ambaye ni binti yangu, alikimbia kama kuku.

Sasa tuje kwenye vibaya. Wiki ya pili baada ya kupewa daftari, kamati ilichora ubao mkubwa getini, una picha ya kipimajoto, asilimia 0 chini na 100 juu, na rangi nyekundu ya kupandisha. Tulitangaza kwa kila mtu siku moja: wazazi, wahitimu, majirani, wafanyabiashara. Baada ya miezi miwili rangi ilikuwa imefika asilimia 3. Ubao ulisimama pale getini, kila anayeingia anaona 3. Mzazi mmoja aliyekuja na bahasha aliutazama, akaniambia atarudi mambo yakichangamka. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe siingii duka lisilo na mteja hata mmoja.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja mstaafu, ambaye katika maisha yake amewahi kuchangisha kwa ajili ya maktaba na wodi. Nilipelekewa jina lake na mteja wangu. Nilikwenda kwake na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshatangaza?"

"Tumeshatangaza."

Akafumba macho kidogo, kama daktari aliyeambiwa mgonjwa ameshakunywa dawa ya jirani. "Mshushe ule ubao," akasema. "Leo jioni."

Alinieleza kwamba wazoefu wa michango mikubwa hukusanya nusu, wakati mwingine zaidi ya nusu, kimyakimya, mtu kwa mtu, kabla hawajatamka neno hadharani. Watu wanapenda kumalizia kitu zaidi ya kukianza. Kisha akageuza bahasha ya dawa akachora nyuma yake. Zawadi moja ya asilimia 20 ya lengo. Mbili za asilimia 10. Nne za asilimia 5. Nane za asilimia 2 na nusu. Nikajumlisha kichwani: watu 15, asilimia 80. Hiyo 20 iliyobaki ndiyo ya sisi wengine wote.

"Na kwa kila mmoja anayekubali," akasema, "umekwisha kukataliwa na wawili au watatu. Kwa hiyo usiniletee majina 15. Niletee 50."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Majina 50 ya watu wenye uwezo, mimi nitayatoa wapi? Wateja wangu ni watu wanaoomba nipunguze bei ya kupindisha suruali. Lakini tulikaa kamati nzima, kila mtu akataja anayemjua, aliyesoma naye, aliyemfundisha, na mwalimu mkuu akatoa kumbukumbu za wahitimu. Tulifika majina 61. Kati ya hayo nilikuwa namjua mmoja.

Hata hivyo lile jedwali halikunituliza lote. Kuna kitu kiliniuma ndani yake: kwamba watu 15 watajenga, na wengine mia kadhaa watakuwa mapambo. Binti yangu ndiye aliyenisomea habari ya kitako cha Sanamu ya Uhuru kule New York. Wafaransa walitoa sanamu, Wamarekani wakatakiwa wajenge kitako cha kuisimamishia, na fedha zikawaishia njiani. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la World, akawaambia wasomaji wake watoe chochote, naye atachapa jina la kila mtoaji gazetini, hata kama ametoa senti. Katika miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja.

Nikaleta hoja kwenye kamati: kila aliyetoa, jina lake litaandikwa ukutani, herufi za ukubwa mmoja, kwa mpangilio wa tarehe aliyolipa. Si kwa kiasi. Mabishano yalichukua jioni mbili. Ilipopita, mmoja wa wale wakubwa alipunguza mchango wake kwa nusu kwa sababu jina lake lingekuwa chini ya jina la mpishi wa shule. Mpishi alilipa mapema, nifanyeje? Lakini kwa ajili ya ukuta ule watu walianza kuja wenyewe na vijisenti vyao, na wanasema maneno ambayo sikutaka yapotee. Ndipo nikaongeza safu ya tano kwenye daftari. Jina, ahadi, alicholipa, tarehe, na alivyosema.

Safu hiyo ndiyo ninayoirudia kuisoma. "Niandike kwa jina la marehemu mama." "Mume wangu asijue." "Nilikuwa seta, jezi namba 9, mwambie binti yako akunje magoti." "Sina mtoto hapo, ila nikipita barabarani jioni nawasikia wakicheka." Mwingine alisema, "Mimi nilichukia michezo shuleni, lakini haya chukua," nami nikaandika vilevile.

Nirudi kwenye vipimo, maana hapo ndipo fedha zilipogombaniwa. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, na kuzunguka kote kuwe na nafasi wazi isiyopungua mita 3. Kwa hiyo ndani ya kuta unahitaji angalau 24 kwa 15. Hilo lilikuwa lengo letu la kwanza, mita za mraba 360. Kisha wazazi wa timu ya kikapu wakaja. Walikuja na watu wao na ahadi zao, kwa hiyo hatukuwafukuza. Uwanja wa kikapu ni 28 kwa 15, ongeza mita 2 kila upande, unapata 32 kwa 19. Mita za mraba 608. Nguo ya mtoto imegeuka kanzu ya mtu mzima.

Mzazi mmoja akadai basi tutapata faida, tutalaza viwanja viwili vya wavu kimkingamo, timu mbili zifanye mazoezi kwa pamoja. Nilivua tepu shingoni nikaichora juu ya meza. Upana ni 19, uwanja una urefu wa 18. Inabaki nusu mita kila mwisho, halafu ukuta. Anayeanzisha mpira asimame wapi, dirishani? Tulikubaliana uwanja mmoja wa kikapu na mmoja wa wavu juu yake, mistari ya rangi mbili, zamu kwa ratiba. Ratiba ile ina ugomvi wake, lakini hiyo si hadithi ya leo.

Kulikuwa na waliosema michezo hii ni ya nje, ukumbi ni anasa. Hilo lilinisumbua mpaka nikalitafutia jibu, na jibu likaingia kwenye barua yetu ya kuomba. Michezo yote miwili ilizaliwa ndani. James Naismith alibuni kikapu Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na vijana wake hawakuwa na cha kucheza ukumbini. Alipigilia vikapu vya kuwekea matunda kwenye ukingo wa roshani iliyozunguka ukumbi, na ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka chini. Mpaka leo ringi iko mita 3.05, yaani futi zile zile 10. Miaka minne baadaye, 1895, William G. Morgan akabuni wavu mjini Holyoke, jimbo hilo hilo, ndani ya ukumbi vilevile. Sisi ndio tuliouchukua mchezo wa ndani tukaupeleka kwenye mvua.

Haya, urefu wa kwenda juu. Msanifu majengo alileta mchoro wa kwanza: mita 5 na nusu kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi. Ulikuwa mchoro mzuri, wa bei nafuu. Kocha akautazama, akaweka kidole kwenye ile namba.

"Hapa pana shida, dada."

"Shida gani, kocha?"

"Sheria ya wavu inataka mita 7 za wazi juu ya uwanja. Ya kikapu nayo 7. Na saba hizo zinaishia kwenye kitu cha kwanza kinachoning'inia. Taa ikishuka, unapima hadi kwenye taa."

Mkadiriaji majenzi akapiga hesabu. Ukiinua kuta, nguzo zinanenepa, msingi unakwenda chini, upepo unaosukuma ukuta unaongezeka, jukwaa la mafundi linarefuka. Gharama ilipanda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mwenyekiti akavua miwani. "Yaani mita moja na nusu ya hewa," akasema. "Tunalipia hewa?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Utamwambiaje mtu atoe fedha zake kwa kitu ambacho hata kikishajengwa hakishikiki? Nilijaribu kwa barua, haikusaidia. Nilijaribu kuchora, nikaambiwa nimechora ghala.

Kocha ndiye aliyepata njia. Alisema tuwaalike wale majina 61, wachache wachache, si kwa hotuba, waje wakae bwaloni siku ya mvua watazame mazoezi. Kundi la kwanza lilikuwa watu saba. Walikaa kwenye viti vya plastiki ukutani. Kocha hakueleza kitu. Alisimama juu ya benchi akawa anapiga mipira, wasichana wanapokea. Mpira wa kwanza ukagonga dari. Wa pili, dari. Wa tatu ukapokelewa vizuri kuliko yote, wa juu, umetulia, nao ukagonga dari, kipande cha lipu kikabanduka kikaanguka kwenye bega la mama mmoja aliyevaa koti jeusi. Aliketi vilevile. Alikipangusa taratibu, akakitazama kile kipande kiganjani, akauliza, "Huyu mtoto amekosea nini?"

"Hajakosea," kocha akasema. "Amepatia."

Mama yule ndiye mtoaji wetu mkubwa hadi leo, asilimia 11 ya lengo. Kwenye safu ya tano nimeandika neno moja tu alilolisema akitoka: "Inueni."

Sasa niseme la aibu. Kampuni moja, sitaitaja, iliahidi robo nzima ya lengo. Walikuja na hundi ya ubao, ile kubwa ya kupigia picha, inamzidi binti yangu urefu. Watoto walivalishwa fulana zao, tukapigwa picha, tukapeana mikono. Mimi mshonaji nina kanuni moja kazini, sikati kitambaa cha mteja kabla ya malipo ya awali, nimeumizwa mara nyingi na "nitakuja Ijumaa". Siku ile niliisahau. Niliandika ile robo kwenye safu ya ahadi, halafu kwenye kikao nikaisoma kana kwamba iko benki. Kamati ikasaini na mkandarasi.

Fedha hazikuja. Kwanza mhusika alikuwa safarini, kisha bajeti ilikuwa inapitiwa upya, kisha mhusika akabadilishwa na mpya hakuwa na taarifa. Nguzo zikasimama zimefika kimo cha mtu, nondo zimechomoza juu zinashika kutu, kwa miezi minne. Wazazi wakipita wananitazama mimi. Kile kiubao bado kipo stoo, nyuma ya nyavu za zamani. Ndicho kitu pekee tulichowahi kupokea kutoka kwao, ukiacha fulana.

Tangu hapo kila ripoti ninayosoma ina mistari miwili mbalimbali, kilichoahidiwa na kilicho mkononi, na ujenzi unapangwa kwa ule wa pili. Tuligawa mkataba vipande: msingi na nguzo, kenchi na paa, kuta, taa, sakafu. Hakuna kipande kinachoanza kabla fedha zake hazijatimia pamoja na asilimia 10 ya dharura. Ile dharura watu waliiona kama ujanja wa mweka hazina, hadi mafundi walipochimba kona moja wakakuta udongo laini kama ugali wa jana, ikabidi waende chini zaidi. Hawakuiuliza tena.

Na ahadi ndogo ndogo je? Kila Alhamisi jioni, cherehani ikishafunikwa, napiga simu. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Nakukumbusha ahadi yako," na mtu anajikunyata upande wa pili, namsikia. Siku hizi nauliza, "Tuandike tarehe ipi?" Swali hilo halimtuhumu mtu. Wengi huomba kulipa kwa mafungu manne, nami nayapanga. Kati ya ahadi 214, watu 163 wamemaliza, 28 wamelipa sehemu, 23 hawajatoa kitu. Kati ya hao 23 kuna wawili ambao mambo yao nayajua na nimewafuta mwenyewe bila kumwambia mtu. Mwenyekiti akisoma hapa atajua sasa.

Kilichonishinda kabisa, kuliko kuomba, ni kukataa. Mzazi mmoja alikuja na furaha, amepata vigae vya sakafu, vizuri, vinang'aa, vinatosha ukumbi mzima, bure. Kwenye makisio yetu sakafu ilikuwa kipande cha pili kwa ukubwa baada ya paa. Vigae vile vingetufikisha mwisho siku hiyo hiyo. Kocha alinivuta kando akaniambia hapana. Msichana wa wavu anaruka na kutua mara nyingi mno katika zoezi moja, na sakafu ngumu inarudisha kishindo chote kwenye goti na muundi. Sakafu ya michezo inatakiwa ibonyee kidogo, imeze kishindo, halafu irudi. Na isiteleze wakati jasho limedondoka. Kigae hakibonyei, na kikilowa ni barafu.

Nilimweleza yule mzazi. Nilitumia maneno yote ya heshima ninayoyajua. Akaniuliza kama najua vigae vile ni vya daraja gani. Nikasema najua ni vya daraja la juu. Akasema basi tatizo ni mtoaji. Nikamwambia, baba, viwekwe kwenye vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, tutaandika jina lako. Aliondoka bila kunijibu. Baada ya wiki tatu lori likaleta vigae vya vyooni, hakuja mwenyewe. Safu ya tano kwa jina lake iko wazi.

Mwingine aliahidi simenti, akaileta yote siku moja, mifuko mingi kuliko tuliyoweza kutumia. Simenti ikikaa miezi mitatu penye unyevu nguvu yake inapungua na mingine inaganda mfukoni. Tulibadilishana na shule iliyokuwa inajenga madarasa: wao wakachukua simenti, sisi tukapata kokoto na mchanga. Ni ufundi mdogo huo, lakini nakiri niliringa nao wiki nzima.

Hadi juzi tumefikisha asilimia 91 ya lengo. Watoaji wakubwa tisa wametoa asilimia 46 ya zilizopatikana, vikundi vya wahitimu asilimia 21, na 33 iliyobaki ni ya safu ya tano: mpishi, jezi namba 9, mama asiyetaka mumewe ajue. Mzee mstaafu nilimpelekea hesabu. Alitazama ile 33 muda mrefu, akasema jedwali lake lilikuwa limekadiria 20, kisha akabadilisha mazungumzo.

Binti yangu alimaliza shule mwezi wa pili tangu paa lilipofungwa. Hakucheza humo hata siku moja. Aliingia mara moja tu, akiwa amevaa sare kwa mara ya mwisho, akasimama katikati ya jamvi la zege na mpira, akaupandisha juu wima, juu kabisa. Ulikwenda, ukasita, ukarudi. Haukugusa kitu. Akaushika, akaniambia, "Mama, twende, nina njaa." Mimi ndiye niliyebaki nimetazama juu.

Kilichobaki ni sakafu, na sakafu inasubiri zege likauke. Zege hufikia nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28, lakini kukauka ni habari nyingine. Mafundi hukadiria karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, na jamvi letu ni sentimita 10. Ukilaza mbao juu ya zege lenye unyevu, zinavimba na kupinda. Wazazi wanaona ukumbi umekamilika na mlango una kufuli, wananipigia simu kuuliza fedha zimekwama wapi. Hazijakwama, ziko benki. Tunasubiri maji yaondoke.

Kipimo chake ni rahisi hata mimi nakiweza. Unakata nailoni mraba wa kama sentimita 45, unaibandika chini kwa utepe wa gundi pande zote nne, unaiacha usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi unapiga magoti na kuitazama. Kukiwa na matone kwa ndani, au zege limegeuka jeusi, bado. Nimebandika vipande tisa, nimevipa namba kwa chaki, na kila baada ya wiki mbili nakwenda navyo kabla ya kufungua duka. Mara ya kwanza vyote tisa vilikuwa na jasho. Mara ya tatu, sita. Kuna utamu fulani wa kunyanyua nailoni kavu ambao siwezi kumweleza mtu asiyekuwa mweka hazina.

Jambo moja zaidi, kisha niende kazini. Paa lilipokamilika, mwenyekiti alitaka tummalizie mkandarasi malipo yake yote, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alituvumilia ile miezi minne. Ni kweli alituvumilia. Lakini mkataba ulisema asilimia 5 ibaki mkononi mwetu hadi mwaka upite, ili kasoro zikijitokeza arudi azirekebishe. Nilikataa kusaini. Bila saini mbili kati ya tatu hela haitoki, na mwalimu mkuu alikuwa upande wangu. Mwenyekiti aliniita roho ngumu mbele ya kikao, na siku mbili hatukusalimiana.

Leo asubuhi nilikwenda. Nailoni nane zilikuwa kavu kabisa, hata alama ya mvuke hakuna. Namba 7, ile ya kona ya nyuma, ilikuwa na matone manene kama mara ya kwanza, na usiku mvua ilinyesha. Nikainua macho. Pale juu, penye mshono wa mfereji wa bati, kulikuwa na mchirizi unaoshuka ukutani, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, bado unang'aa.

Nikampigia mkandarasi. Alipokea simu mlio wa kwanza.